Uskauti na Malezi ya Mvulana: Asili, Mafunzo na Manufaa Yake

Uskauti ni harakati ya malezi inayowafunza vijana kujitegemea, kushirikiana na kuitumikia jamii kwa njia ya vitendo, kambi na maisha ya nje. Ilianza nchini Uingereza mwaka 1907 na leo ina wanachama zaidi ya milioni 50 katika mashirika ya kitaifa zaidi ya 170. Nchini Kenya, ambako mwanzilishi wake alizikwa, uskauti umekuwepo tangu mwaka 1910, na makundi yake hupatikana zaidi katika shule za msingi na za sekondari.

Umuhimu wa harakati hiyo umeongezeka katika kipindi hiki ambapo wazazi, walimu na viongozi wanajadili kwa uzito malezi ya mtoto wa kiume. Taasisi za jadi zilizomvusha mvulana kutoka utotoni hadi utu uzima, kama vile jando, rika na mafunzo ya wazee, zimedhoofika katika sehemu nyingi, hususan mijini. Wazazi wengi hurejea nyumbani usiku kutoka kazini, na siku za likizo huwa ndefu kwa kijana asiye na shughuli. Pengo hilo lisipozibwa na watu wema huzibwa na wengine, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Makala haya yanaeleza asili ya uskauti, namna mafunzo yake yanavyoendeshwa, manufaa yake kwa wavulana, na mambo ambayo mzazi anapaswa kuyazingatia kabla ya kumwandikisha mwanawe.

Asili ya uskauti

Mwanzilishi wa uskauti ni Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza na alipata umaarufu wakati wa vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, mji wa Mafeking ulipozingirwa kwa siku 217 kati ya mwaka 1899 na 1900. Katika mzingiro huo wavulana wa mji walipewa kazi za kupeleka barua na kusaidia hospitalini ili askari wabaki katika ulinzi. Tukio hilo lilimwonyesha kwamba kijana mdogo akiaminiwa kwa kazi ya kweli huifanya kwa bidii na kwa uangalifu.

Aliporejea Uingereza alikuta kitabu alichowaandikia askari kuhusu upelelezi kikisomwa na wavulana na kutumiwa na walimu. Mwezi Agosti 1907 aliwachukua wavulana 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa kambi ya majaribio. Baadhi yao walitoka katika shule za matajiri na wengine katika familia za wafanyakazi wa miji ya karibu, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika jamii iliyogawanyika kwa matabaka. Waligawanywa katika vikosi vinne vilivyopewa majina ya wanyama na ndege, na kila kikosi kikawa na kiongozi wake miongoni mwa wavulana wenyewe. Mwaka uliofuata, 1908, alichapisha kitabu Scouting for Boys, na makundi ya vijana yakaanza kujiunda yenyewe kabla hata ya kuwepo kwa chama cha kuyasimamia.

Kuingia nchini Kenya

Uskauti uliingia Kenya mwaka 1910, wakati wa utawala wa kikoloni. Kama ilivyokuwa katika shule na hospitali za wakati huo, makundi yalitenganishwa kwa misingi ya rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika kila mmoja na lake. Utengano huo ulipingana waziwazi na fundisho la skauti kwamba kila skauti ni ndugu wa mwenzake. Historia hiyo ni sehemu ya urithi wa harakati na inafaa kufundishwa kwa vijana wa leo, kwani inaonyesha kwamba kanuni njema huhitaji watu wa kuitetea ili itimizwe. Baada ya uhuru chama kilijengwa upya kama taasisi ya kitaifa. Mwaka 1964 kilitambuliwa rasmi na Shirika la Uskauti Duniani, na mwaka 1973 Nairobi ikawa mwenyeji wa Mkutano wa Skauti Duniani, wa kwanza kufanyika barani Afrika.

Baden-Powell mwenyewe aliishi Nyeri kuanzia mwaka 1938, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu iliyo kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83 na kuzikwa mjini humo. Juu ya jiwe la kaburi lake imechongwa alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo katika lugha ya ishara za skauti humaanisha kwamba aliyepita njia hiyo amekwenda nyumbani. Kila mwaka, ifikapo tarehe 22 Februari, maskauti hukusanyika Nyeri kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwake. Makao makuu ya Chama cha Maskauti wa Kenya yako katika kambi ya Rowallan jijini Nairobi, na Rais wa nchi ndiye mlezi wa chama.

Namna mafunzo yanavyoendeshwa

Maskauti wa Kenya hugawanywa kwa umri katika ngazi nne. Wadogo kabisa huitwa Sungura na huanza wakiwa na umri wa takribani miaka sita. Wanaofuata ni Chipukizi, walio katika miaka ya mwanzo ya ubalehe. Kisha Mwamba, ambao wengi wao ni wanafunzi wa sekondari. Na hatimaye Jasiri, vijana waliotimiza miaka 18. Jina la Sungura lina maana yake. Katika nchi nyingine watoto wa umri huo huitwa mbwamwitu wadogo, kufuatana na hadithi za Kiingereza. Nchini Kenya aliteuliwa mnyama ambaye kila mtoto amemsikia katika ngano za bibi yake, yule mdogo wa mwili anayewashinda wakubwa kwa akili.

Msingi wa mafunzo ni Ahadi na Kanuni za Skauti. Katika ahadi hiyo kijana hujifunga kwa heshima yake mwenyewe kutimiza wajibu kwa Mungu na kwa nchi yake, kuwasaidia watu wengine na kuzitii kanuni. Kaulimbiu ni fupi: Uwe Tayari. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, jambo linalowashangaza wengi katika jamii zetu ambamo mkono huo hauhesabiwi kuwa wa adabu; kwao ni ishara ya kuaminiana.

Nguzo ya pili ni kikosi kidogo. Wavulana sita hadi wanane huunda kikosi kimoja chini ya kiongozi aliye rika lao, na vikosi kadhaa huunda kundi. Mtu mzima husimamia, hushauri na kulinda usalama, lakini kazi za kila siku huamuliwa na kutekelezwa na vijana. Kikosi ndicho kinachopanga nani atateka maji, nani atapika na nani atalinda moto. Ugali ukiungua, wote hula ugali uliounguka, na kesho yake mpishi huwa mwangalifu zaidi.

Nguzo ya tatu ni kujifunza kwa kutenda. Skauti hapewi beji ya kupika kwa kueleza namna ya kupika; huipata baada ya kupika chakula kikaliwa. Kila mmoja husonga mbele kwa kasi yake, hivyo mvulana asiyefanya vyema darasani hupata uwanja mwingine wa kuonyesha uwezo wake. Faida hii hutajwa mara kwa mara na walimu, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho katika mtihani anaweza kuwa wa kwanza katika kusoma ramani au kufunga mafundo.

Manufaa kwa mvulana

Faida ya kwanza ni stadi zinazookoa maisha. Skauti hufundishwa huduma ya kwanza tangu akiwa mdogo. Hujifunza kuzuia damu inayotoka kwa kulikandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na kuutuliza mguu uliovunjika kwa vipande vya mti kabla ya kumsogeza majeruhi. Hujifunza pia kuachana na mazoea yenye madhara. Mtu aliyeungua hapakwi dawa ya meno wala mafuta. Sehemu iliyoungua humwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa takribani dakika 20. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala jeraha lake halifyonzwi. Hutulizwa asitembee ovyo na kufikishwa hospitalini upesi. Mvulana mwenye maarifa hayo ni msaada nyumbani kwao na katika kijiji kizima.

Faida ya pili ni uwezo wa kufikiri na kuyasoma mazingira. Kijana wa Kenya hawezi kuyanakili tu maelezo ya vitabu vya Ulaya. Nyota ya Kaskazini, inayowaongoza wasafiri wa huko, haionekani Nairobi kwa kuwa jiji hilo liko kusini kidogo mwa ikweta. Badala yake skauti hujifunza kuutambua Msalaba wa Kusini. Mchana huchomeka fimbo wima ardhini na kuweka alama penye ncha ya kivuli. Baada ya robo saa huweka alama ya pili. Mstari unaotoka alama ya kwanza kwenda ya pili huelekea mashariki, kwa kuwa kivuli husogea kinyume cha jua. Katika zoezi dogo kama hilo kijana hufunzwa kutazama, kupima na kutoa hitimisho kwa ushahidi.

Faida ya tatu ni uongozi na uwajibikaji. Kiongozi wa kikosi mwenye umri wa miaka 13 hana mshahara wa kuwalipa wenzake wala mamlaka ya kuwaadhibu. Hulazimika kuwashawishi kwa mfano wake, kuwasikiliza na kugawa kazi kwa haki. Akimpendelea rafiki yake, kikosi humgomea. Vivyo hivyo anayeongozwa hujifunza kutii bila kudhalilika, akijua kwamba zamu yake ya kuongoza itafika. Wavulana wanaozoea utaratibu huo mapema hawashikwi kwa urahisi na dhana kwamba uanaume ni kuwatawala wengine kwa nguvu.

Faida ya nne ni huduma kwa jamii. Skauti hutarajiwa kutenda angalau tendo moja jema kila siku bila kudai malipo. Makundi hushiriki kupanda miti, kusafisha mazingira, kuwaelekeza wananchi katika sherehe za kitaifa na kutoa huduma ya kwanza penye mikusanyiko. Chama kimewahi pia kuwafikia watoto wanaoishi mitaani na kuwaingiza katika vikosi, ili nao wapate sare, majina na wenzao wanaowategemea.

Faida ya tano ni utangamano. Katika kambi ya kitaifa mvulana kutoka Turkana hulala hema moja na wa Kwale, na wa Kisii hupika pamoja na wa Garissa. Wote huvaa sare moja, na skafu shingoni huonyesha kundi la mtu, haionyeshi kabila wala mali ya baba yake. Katika nchi ambayo imeumizwa na migawanyiko ya kikabila, urafiki unaojengwa katika umri huo ni akiba kwa taifa.

Aidha, mafunzo hayo yanaoana na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019. Mtaala huo unalenga kumpa mwanafunzi uwezo wa mawasiliano na ushirikiano, utatuzi wa matatizo, ubunifu, uraia mwema na kujiamini. Hayo ndiyo mambo ambayo kikosi cha skauti hufanyia mazoezi kila wiki.

Ushahidi wa utafiti

Manufaa ya uskauti yamechunguzwa pia na wanasayansi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchambuzi wa taarifa za watu wapatao 9,600 waliozaliwa mwaka 1958 na kufuatiliwa maishani mwao. Waliobainika kuwa walishiriki katika uskauti au kundi la wasichana la Guides utotoni walikuwa na uwezekano mdogo kwa takribani asilimia 15 wa kusumbuliwa na wasiwasi au sonona walipofika umri wa miaka 50. Jambo lililovuta hisia zaidi ni kwamba tofauti ya afya ya akili kati ya waliokulia katika umaskini na waliokulia katika ukwasi haikuonekana miongoni mwa waliowahi kuwa wanachama.

Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts waliwafuatilia karibu wavulana 1,800 waliokuwa maskauti wadogo katika eneo la Philadelphia, pamoja na wengine karibu 400 ambao hawakuwa maskauti, kwa muda wa takribani miaka miwili na nusu. Maskauti walionyesha kuongezeka kwa uchangamfu, upole, utii, uaminifu, moyo wa kusaidia na matumaini kuhusu maisha ya baadaye, ilhali wale wengine hawakuonyesha mabadiliko makubwa.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Yalipatikana katika nchi zenye mazingira tofauti na ya Afrika Mashariki, na huenda baadhi ya familia zinazowapeleka watoto wao katika uskauti zilikuwa tayari zinawalea kwa makini. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba kushiriki kwa muda mrefu katika kundi linalosimamiwa vizuri huandamana na hali bora ya kijana. Kuvaa sare peke yake hakumbadilishi mtu.

Mambo ya kuzingatia

La kwanza ni usalama wa mtoto. Mahali popote ambapo watu wazima hukaa na watoto mbali na wazazi panaweza kuvutia pia wenye nia mbaya. Chama cha maskauti wavulana wa Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Februari 2020, baada ya kuandamwa na kesi za unyanyasaji wa kingono. Waliowasilisha madai walizidi 82,000, na makubaliano ya fidia yalifikia zaidi ya dola bilioni 2.4. Funzo la mkasa huo ni kwamba ukimya hauilindi taasisi wala watoto, na kwamba jina jema la chama haliwezi kuchukua nafasi ya usimamizi. Shirika la Uskauti Duniani sasa lina sera ya kuwakinga watoto dhidi ya madhara, na nchini Kenya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda kila mtoto dhidi ya unyanyasaji popote alipo.

Kabla ya kutia saini fomu ya idhini, mzazi ana haki ya kuuliza maswali na kupewa majibu kamili. Je, kiongozi wa kundi amepata mafunzo ya chama na ana cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi? Je, kambini kutakuwa na watu wazima wasiopungua wawili wakati wote, na je, watoto watalala mbali na watu wazima? Nani mwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, na hospitali iliyo karibu iko wapi? Je, shughuli za majini zina msimamizi anayejua kuogelea na kuokoa? Kiongozi mwema hachukizwi na maswali hayo. Mtoto naye aelezwe mapema kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mzazi haruhusiwi kuijua. Anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa anaweza kupiga bila malipo simu ya msaada kwa watoto, nambari 116.

La pili ni gharama. Sare, nauli na michango ya kambi huwazuia watoto wa familia maskini, ambao ndio huenda wangefaidika zaidi kama utafiti wa Uingereza unavyodokeza. Shule kadhaa hukabili tatizo hilo kwa kuhifadhi sare za wanaohitimu ili zitumiwe na wanaoingia, kufanya kambi katika uwanja wa shule badala ya safari za mbali, na kuanzisha bustani au kitalu cha miche ambacho mauzo yake huingia katika mfuko wa kundi. Skafu na kamba vyatosha kuanza. Hema linaweza kungoja.

La tatu ni walimu. Kundi huishi au hufa kwa moyo wa kiongozi wake, ambaye mara nyingi ni mwalimu anayejitolea baada ya saa za kazi. Pale ambapo uongozi wa shule humpunguzia majukumu mengine na wazazi humsaidia kusimamia kambi, kundi hudumu. Pale anapoachwa peke yake, kundi husambaratika siku anapohamishwa.

Kujiunga

Mvulana anayetaka kujiunga huanzia kwa mlezi wa kundi shuleni kwake. Ikiwa shule haina kundi, mwalimu mkuu au wazazi wanaweza kuwasiliana na ofisi ya chama katika kaunti yao ili kupata mwongozo wa kuanzisha kundi na mafunzo kwa viongozi. Ingawa makala haya yamejikita katika malezi ya wavulana, chama nchini Kenya huwapokea wasichana pia, na wengi wao hushika uongozi wa vikosi.

Uskauti hauchukui nafasi ya baba, mama, shule wala dini. Kazi yake ni kumpa kijana mahali pa kuyafanyia mazoezi yale anayofundishwa nyumbani: kusema kweli, kutimiza zamu yake, kumwinua aliyeanguka na kurejesha mahali palipo safi kama alivyopakuta au zaidi. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mvulana wa miaka kumi anayejifunza leo kuwasha moto kwa uangalifu na kuuzima kabla ya kuondoka ndiye atakayekabidhiwa kesho mambo mazito zaidi ya moto.